Sura ya Sita: Chumvi na Maji Machungu

Peleka wageni wa bara ufukweni, na kabla jua halijazama mmoja wao atakuuliza swali hili. Amekwenda kuoga, wimbi limemkuta mdomo wazi, anatema na kukunja uso, kisha anasema: "Bahari yote hii ni chumvi tupu. Sasa mbona tunauziwa? Si mtu achote ndoo yake, aichemshe, amalize?"

Swali ni la haki, na jibu lake unaweza kulipata jikoni kwako. Chota lita moja ya maji ya bahari mbali na mdomo wa mto. Yachuje kwa kitambaa safi, yabandike motoni, uyaache yachemke mpaka yakauke kabisa. Chini ya sufuria utakuta unga mweupe unaoelekea kijivu, kiasi cha gramu 35, yaani kama vijiko viwili vya mezani. Onja kidogo. Chumvi ipo, lakini nyuma yake kuna uchungu unaong'ang'ania ulimi. Sasa uweke unga huo kwenye kibakuli bila kuufunika, ulale nao. Asubuhi, hewa ya pwani ikiwa na unyevu, utaukuta umelowa, na siku ya pili utakuwa tope.

Kwa hiyo chumvi umeipata, ila si ile unayoijua. Sura hii inaeleza uchungu huo ulitoka wapi, na vipi wavunaji wa Bagamoyo wanapata chumvi isiyokuwa nao kwa kutumia jua, upepo, udongo na reki ya mbao. Nitalisema jambo lenyewe mapema: mvunaji mzuri hasifiwi kwa kukausha maji. Maji hata dimbwi la barabarani hukauka lenyewe. Anasifiwa kwa kujua lini ayaache yaendelee kukauka, na lini ayamwage.

Kilichomo ndani ya ndoo

Katika zile gramu 35, kiasi cha 27 ndiyo chumvi ya mezani, ambayo wanakemia huiita kloridi ya sodiamu. Gramu nane zilizobaki ni mchanganyiko: chokaa, jasi, chumvi za potasiamu, na zaidi ya zote, chumvi za magnesiamu. Hizi za magnesiamu ndizo zenye kesi. Mojawapo ni ndugu wa chumvi ya haluli, ile ambayo wazee walikuwa wakinywa kusafisha tumbo, na aliyeinywa utotoni hahitaji kuelezwa uchungu wake. Nyingine hunyonya unyevu kutoka hewani bila kuchoka, na ndiyo iliyogeuza kibakuli chako kuwa tope.

Bahati nzuri ni kwamba vitu hivi havitoki majini kwa pamoja. Vimepanda kama abiria wa daladala: kila mmoja ana kituo chake cha kushukia. Maji yanapozidi kupungua, kila kitu hufika mahali ambapo maji hayawezi kukibeba tena, kikageuka punje na kuzama chini. Vituo vyenyewe ni hivi:

- Maji yakibaki karibu nusu ya yale uliyoanza nayo, chokaa huanza kushuka.
- Yakibaki kama moja ya tano, hushuka jasi, ambayo mafundi wa dari huiita jipsam na hospitalini hufungiwa mfupa uliovunjika.
- Yakibaki kama moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe inapoanza kushuka.
- Mwishoni kabisa, kwenye maji machache mazito yaliyobaki, ndimo zilimo magnesiamu na potasiamu.

Tafakari hicho kituo cha tatu. Ukianza na ndoo kumi za maji, ndoo tisa zinatakiwa ziondoke hewani kabla hujaona punje moja ya chumvi. Mgeni wetu wa ufukweni angekuwa amekata tamaa siku nyingi. Na kule jikoni, ulipochemsha mpaka sufuria ikakauka, uliwashusha abiria wote mahali pamoja, wazuri na wabaya.

Kwa nini Bagamoyo

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Wengi huijua kwa misafara, kwa magofu ya Kaole, kwa misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na kwa kuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891. Ukitoka mjini ukaelekea kaskazini, upande wa Nunge, majengo ya mawe yanakwisha na unaingia kwenye uwanda mpana, tambarare, wa rangi ya majivu, ulioachwa wazi nyuma ya mikoko. Hapo ndipo yalipo mashamba ya chumvi.

Uwanda huo haukuchaguliwa kwa bahati. Shamba la chumvi linataka vitu ambavyo ni nadra kuvikuta pamoja. Linataka ardhi tambarare iliyo juu kidogo tu ya bahari, ili maji yafike bila kupandishwa mbali. Linataka udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, kwa sababu kwenye mchanga utajaza bwawa leo na kesho litakuwa tupu, huku chumvi yako imekwenda ardhini. Linataka upepo usiozuiwa na mnazi wala nyumba. Na linataka miezi kadhaa bila mvua kubwa.

Hilo la mwisho ndilo linalogawa mwaka. Masika ya Machi hadi Mei hayana biashara: mvua inanyesha juu ya mabwawa, na Mto Ruvu, unaoingia baharini kaskazini mwa mji, unamwaga maji matamu yanayopunguza ukali wa bahari yenyewe. Kusi ikishatulia na ardhi ikakauka, kuanzia Juni au Julai, kazi inaanza. Inakwenda hadi vuli inapokaribia, Oktoba au Novemba. Kaskazi ya Januari na Februari huweza kutoa nafasi nyingine fupi, lakini ni ya kubahatisha.

Nafungua mabano hapa kwa ajili ya wapenda historia. Mtu anaweza kudhani kwamba misafara iliyoanzia Bagamoyo ilibeba chumvi ya pwani hadi ziwani. Lakini bara ilikuwa na chumvi yake. Uvinza, karibu na Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya kubadilishana katika eneo kubwa sana kabla ya reli. Uganda nako kuna Ziwa Katwe. Chumvi ya bahari ilikuwa zaidi ya watu wa bahari: ya kukaushia papa, ya kutia samaki, ya chungu cha nyumbani.

Maji yanavyotembea

Shamba la chumvi kwa mbali linaonekana ni dimbwi moja kubwa lililokatwakatwa na matuta. Ukweli ni kwamba ni safari ya maji, na kila tuta lina sababu.

Safari inaanza na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hujaa kuliko siku nyingine. Hayo watu wa pwani huyaita bamvua, na katika sehemu hii ya pwani tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za bamvua maji hupanda hadi kwenye vijito vya ndani ya mikoko ambako siku za maji mafu hayafiki. Mvunaji hufungua mlango wa bwawa lake la kwanza, maji yakaingia yenyewe, kisha akaufunga kabla hayajaanza kupwa. Mwenye uwezo huongeza pampu, lakini dizeli ni gharama na mwezi ni wa bure, kwa hiyo hata wenye pampu hutazama kalenda ya mwezi.

Bwawa la kwanza ni la kupokelea. Tope na uchafu hutua, samaki wadogo walioingia na maji huvuliwa au huliwa na ndege. Kutoka hapo maji huteremshwa kwenye mabwawa ya kukolezea, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na kina kifupi kuliko lililotangulia. Humo ndimo chokaa na jasi hushukia. Ukitembea pembeni mwa bwawa la kati miguu peku, utahisi ukoko mgumu wenye ncha: hiyo ni jasi, na mvunaji anafurahi kuiona hapo kwa sababu ina maana haitafika kwenye chumvi yake.

Ndipo maji mazito yanaingizwa kwenye majaruba, yaani vile vitalu vidogo vya mwisho ambamo chumvi huvunwa. Jaruba la chumvi linafanana kwa umbo na jaruba la mpunga, lakini sakafu yake ni jambo jingine. Kabla ya msimu husafishwa, hulowanishwa, hukanyagwa na kushindiliwa mpaka ikawa ngumu na laini. Sakafu ikipasuka, maji yaliyochukua wiki kadhaa kukolea yanapotea usiku mmoja. Sakafu ikiwa tepetepe, reki inakuja na tope na chumvi inatoka ya kijivu. Kwenye shamba lolote ukitaka kumjua mwenye kazi na asiye na kazi, usitazame rundo la chumvi, tazama sakafu za majaruba mwezi wa Juni.

Rangi nayo hubadilika njiani. Maji ya bwawa la kwanza ni ya kibuluu, ya kati ni ya kijani, na kwenye majaruba yaliyokolea hugeuka waridi au mekundu. Wageni hushtuka wakidhani ni sumu. Wekundu huo unatokana na viumbe wadogo mno, wasioonekana kwa macho, wanaoishi palipo na chumvi ambayo ingeua kiumbe kingine chochote. Hawamdhuru mlaji, na wanasaidia: maji mekundu hunywa joto la jua zaidi, yakakauka haraka zaidi.

*Kwa ufupi hadi hapa:* maji huingia na bamvua, hutulia, hukolea bwawa kwa bwawa yakiacha chokaa na jasi njiani, na hufika kwenye jaruba yakiwa yamebaki karibu moja ya kumi. Sehemu ngumu inaanza sasa.

Yai, kioo na ulimi

Mvunaji anajuaje kwamba maji yamefika? Wengi wamesikia habari ya yai. Yai bichi la kuku huzama kwenye maji ya bahari ya kawaida. Maji yakizidi kukolea, hufika mahali yai likaelea na kutoa kichwa juu. Ni kipimo kizuri na cha rahisi, lakini kina kasoro: yai huelea mapema sana, maji yakiwa bado hayajafika hata nusu ya ukali unaotakiwa. Anayemwaga maji jarubani kwa ushahidi wa yai peke yake atavuna jasi kabla ya chumvi.

Kipimo cha uhakika ni mrija wa kioo uliozibwa, wenye uzito chini na mistari ubavuni. Unautumbukiza kwenye maji, unaelea wima, unasoma mstari uliokutana na uso wa maji. Kadiri maji yalivyo mazito ndivyo mrija unavyoinuka. Namba zake hutajwa kwa digrii za Baumé, kwa jina la mfamasia Mfaransa Antoine Baumé aliyebuni kipimo hicho mwaka 1768. Maji ya bahari husoma kama 3.5. Chumvi huanza kushuka kwenye 25 au juu yake kidogo. Kwenye 29 au 30, magnesiamu iko mlangoni.

Kazi yote ya chumvi safi imo kati ya hizo namba mbili, 25 na 30. Chini yake unavuna jasi, juu yake unavuna uchungu. Wenye uzoefu ambao hawana mrija husoma kwa njia nyingine: utelezi wa maji mazito yakisuguliwa kati ya vidole, wekundu wake, uchungu kwenye ncha ya ulimi. Sitawadharau, maana nimeona ulimi ukikubaliana na kioo. Lakini ulimi hauwezi kurithishwa kwa mtoto kama unavyoachiwa mrija.

Siku ya kuvuna

Chumvi huanza juu ya maji. Mchana upepo ukilegea kidogo, uso wa jaruba hushika utando mwembamba wa punje ndogo za mraba, zenye shimo katikati, zikielea kwa muda kabla hazijazidiwa na uzito wake na kuzama. Guérande, nchini Ufaransa, wavunaji huuchota utando huu kwa uangalifu kabla haujazama na huuuza kwa bei ya juu mara nyingi kuliko chumvi ya kawaida. Kwetu upepo wa kusi huuvunja, ukashuka chini na kuongeza unene wa tabaka. Siku baada ya siku punje hukua, zikashikana, mpaka sakafu yote ikawa nyeupe chini ya kina cha maji kisichozidi vidole vichache.

Wavunaji huingia alfajiri. Saa sita mchana mwanga unaopigwa na chumvi na kurudi juu huchoma macho hata chini ya kofia pana. Reki ya mbao huburutwa kwa pembe ya chini sana, ikichukua punje bila kugusa udongo. Mwenye pupa huikandamiza, na mara moja mstari wa kijivu hutokea nyuma yake. Punje zikiwa nzuri, reki hutoa mlio mkavu wa kusaga. Miguu ndiyo inayolipa: punje zina kona kali, na mchubuko mdogo ukikutana na maji hayo mazito, mtu hujua. Wenye viatu vya mpira huvivaa, na wengine hufunga nyayo kwa vipande vya raba.

Chumvi hukusanywa kwa matuta madogo ndani ya jaruba, kisha hubebwa kwa makarai au toroli hadi pembeni. Hapa kuna hatua ambayo mgeni huona ni upuuzi. Chumvi huoshwa, na huoshwa kwa maji ya chumvi. Siri ni kwamba maji yaliyokwisha kushiba chumvi hayawezi kuyeyusha nyingine, lakini bado yana nafasi ya kuchukua tope na magnesiamu iliyoshika nje ya punje. Ukiosha kwa maji ya kisima utapata ndoo ya maji ya chumvi na mkono mtupu.

Baada ya hapo chumvi hurundikwa na kuachwa. Siku kwa siku, kutoka chini ya rundo hutiririka michirizi myembamba ya maji mazito, yenye utelezi wa mafuta. Hayo ndiyo maji machungu yenyewe, yaliyokuwa yamejificha kati ya punje. Rundo lililokaa wiki kadhaa ni chumvi tofauti kabisa na lile la juzi, ingawa yametoka jaruba moja.

Na yale maji yaliyobaki jarubani? Hayo ndiyo mtihani. Kipimo kikigonga 29 au 30, ndani ya maji hayo bado kuna chumvi. Mtu anaiona, anajua kwamba akisubiri siku nne zaidi atapata makarai mengine kadhaa. Mvunaji mzuri huvunja tuta na kuyamwaga yote, akaingiza maji mapya. Asiye na subira, au mwenye deni, huyaacha yakauke hadi mwisho. Chumvi yake huongezeka, na mnunuzi wa Morogoro ndiye atakayeujua uchungu wake.

Adui wa yote hayo ni mvua isiyotarajiwa. Saa moja ya mvua inaweza kuyeyusha kazi ya wiki mbili. Kuna ujanja mmoja tu wa kuokoa: maji ya mvua ni mepesi, kwa hiyo upepo usipoyachanganya hukaa juu ya maji mazito. Anayewahi kukata upenyo mwembamba juu ya tuta huweza kuyachuja yale ya juu yakatoka, akabakiwa na yake. Lakini zikija mvua kama zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilizoanza Oktoba wakati wa kumalizia mavuno, hakuna upenyo unaosaidia.

Wanaopika badala ya kuanika

Kusini zaidi, Kilwa, Lindi na Mtwara, hadi ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji, kuna njia ya zamani kuliko majaruba, na mara nyingi ni kazi ya wanawake. Wakati wa kiangazi, nyuma ya mikoko, udongo uliofikiwa na bamvua kisha ukakauka kwa siku nyingi hushika ukungu mweupe wa chumvi juu yake. Udongo huo wa juu hukwanguliwa, hujazwa kwenye chujio, na maji ya bahari humwagwa juu yake taratibu. Yanayochuruzika chini ni maji mazito kuliko bahari mara kadhaa. Hayo ndiyo yanayopikwa kwenye masufuria mapana au mapipa yaliyopasuliwa.

Angalia akili iliyomo: jua limekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi kwenye udongo kabla moto haujawashwa. Mpishi wa chumvi hajachemsha bahari, amechemsha baki lake. Naye vilevile hapiki hadi sufuria ikauke. Huichota chumvi ingali inatota na kuiacha ichuruzike, uchungu ukaondoka na maji.

Gharama yake ni kuni, na kuni za karibu ni mikoko. Mkandaa na mkoko huwaka kwa moto mkali na wa muda mrefu, ndiyo maana wapishi huipenda, na ndiyo maana maofisa wa misitu huwafukuza: mikoko ya Tanzania ni msitu wa hifadhi kisheria. Majaruba ya jua nayo si watakatifu. Likichimbwa kwenye uwanda ulio wazi, shamba halidhuru mti. Likichimbwa kwa kufyeka mikoko, linaua mazalia ya kamba na kaa na kuacha ufuko bila kinga. Na ardhi ya chumvi ikishakuwa mali, huzaa ugomvi. Kaskazini ya Malindi, kwenye ukanda wa Gongoni na Kurawa ambako kampuni kubwa huzalisha chumvi nyingi ya Kenya, malalamiko ya wanakijiji kuhusu ardhi, maji ya visima na hali ya wafanyakazi yalifika hadi kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo, ambayo ilifanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2006.

"Lakini ya bahari si ina madini joto?"

Hili nalo huulizwa sana, na wengine huuziwa chumvi ya mawe, yaani hii ya majaruba isiyosagwa, kwa sababu hiyo. Madini joto, au ayodini, ni kitu ambacho mwili hukihitaji kwa kiasi kidogo sana, mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima. Kikikosekana, tezi ya shingo huvimba ikawa rovu, na mtoto wa mama aliyekosa anaweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa.

Bahari ina madini joto, lakini ni kidogo mno: kama mikrogramu 60 kwa lita. Hata kama yote yangebaki kwenye chumvi, na hayabaki, gramu tano za chumvi zingekupa mikrogramu zisizofika kumi. Na gramu tano ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikifikishe kwa siku. Kwa hiyo anayetaka kupata madini joto kwa kula chumvi tupu ya bahari atapandisha shinikizo la damu kabla hajapata hata robo.

Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 Tanzania imetaka chumvi ya kula itiwe madini joto. Kwenye shamba dogo kazi hiyo hufanywa kwa bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia dawa mazao: chumvi hutandazwa, mtu hunyunyizia, mwingine hugeuza kwa koleo. Tatizo linajieleza lenyewe. Koleo halichanganyi sawasawa, gunia moja likapata mara mbili na jingine likakosa. Tena chumvi iliyobaki na maji machungu hulowa, ikichuruzika huondoka na madini joto yaliyotiwa. Hapa tena tumerudi kwenye rundo: lisilosubiriwa likauke haliwezi hata kutibiwa vizuri.

Gunia hupimwa kwa kilo

Chumvi ya majaruba haiendi jikoni tu. Sehemu kubwa huishia kwa wenye samaki. Dagaa wa baharini, kwa mfano, huchemshwa kidogo kwenye maji yaliyotiwa chumvi kabla ya kuanikwa, na wafanyabiashara wa Kongo huja hadi pwani kuwanunua. Wachunaji wa ngozi huinunua, na wafugaji huilambisha ng'ombe. Wateja hawa hawajali sana uchungu. Anayejali ni mpishi, na akiwa sokoni mbele ya fungu la chumvi ya mawe anaweza kujipimia:

- Kamata ngumi moja, ibane, ifungue. Kiganja kikibaki na utelezi, maji machungu hayajatoka.
- Onja punje moja na usubiri. Uchungu huchelewa kuja, haupo mwanzoni.
- Yeyusha kijiko kwenye glasi ya maji. Unga mweupe usioyeyuka ukibaki chini, hiyo ni jasi. Tope likibaki, sakafu ya jaruba ilikuwa mbaya.
- Kama ni ya kula kila siku, uliza madini joto, na ukifika nyumbani iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua.

Sasa piga hesabu ya anayeizalisha. Gunia la kilo 50 linahitaji, kwa hesabu ya darasani, lita zisizopungua 1,850 za maji ya bahari, mapipa karibu kumi. Shambani ni zaidi, kwa sababu kuna yanayovuja, na kuna chumvi inayomwagwa makusudi pamoja na maji machungu. Halafu rundo linaposubiri likauke, linapungua uzito kila siku. Mnunuzi wa jumla huja na mizani. Aliyemwaga mapema na kusubiri wiki sita ana kilo chache. Jirani yake aliyeacha maji yakauke hadi mwisho na kufungasha juzi ana kilo nyingi, sehemu yake ni unyevu, na bei ya kilo ni moja. Soko halijampangia mahali mtu wa kwanza. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya chumvi ya pwani yetu kusifika kwa uchungu, kuliko hiyo habari ya "teknolojia duni" inayotajwa kila warsha. Mrija wa Baumé hauna gharama ya kutisha. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia alichokisoma mwenye mrija.

Kinachoweza kugeuza hesabu kidogo ni ghala. Mwezi wa kumi mawingu ya vuli yakianza kujikusanya, malori huja, na chumvi yote ya pwani huwa sokoni kwa wakati mmoja. Mwenye paa na sakafu kavu hana haraka: huiacha chumvi yake imalize kuchuruzika, akaiuza Aprili, wakati majaruba yote yamezama chini ya maji ya mvua na hakuna anayevuna. Asiye na ghala hufunika rundo kwa makuti na turubai, hukadiria mvua itaondoka na magunia mangapi, kisha huchukua bei aliyotajiwa na mwenye lori.